Katinga Ilivyokupandisha Mlima wa Kanisa

Mama,

Nakuandikia kwa sababu siku ile ulikuwa umelala ndani ya sanduku na hukuona chochote. Inaniuma kwamba kijiji kizima cha Matulo kiliiona Katinga ikifanya kazi yake kubwa kuliko zote, isipokuwa wewe mwenye Katinga. Na huko uliko najua watu watakusimulia vibaya. Wafula, mtoto wako wa kwanza, tayari ameanza kutangaza kwamba wazo lilikuwa lake. Usimsikize. Nisikize mimi mkwe wako, kwa sababu usukani ulikuwa mikononi mwangu na matope yalinijaa mdomoni.

Tena kwenye karatasi naweza kukukaribia bila binti yako Nekesa kunivuta shati. Unakumbuka siku ya kwanza aliponileta kwenu? Mimi mtoto wa Wakikuyu wa Kitale, nimezoea mama mkwe kusalimiwa kwa mkono na kuulizwa habari za ng'ombe. Nikakunyooshea mkono na tabasamu la fundi anayetafuta mke. Ukaruka nyuma kama umeona nyoka. Nekesa akanivuta shati mpaka kifungo kikakatika, na mjomba Simiyu, kaka yako, akacheka hadi akamwaga chai. Ndipo nikafundishwa kwamba kwenu mkwe hamgusi mama mkwe, hawaketi benchi moja, wala hawapeani kitu mkononi, mpaka familia zikae na zawadi za kufungua mkono zitolewe. Kila mwaka tulisema tutaiandaa siku hiyo mahindi yakishaingia ghalani. Mahindi yaliingia kila mwaka.

Lakini nianze na Katinga, maana ndiyo iliyotuleta pamoja.

Ulikuwa umekuja Kitale kumwona binti yako na ukakataa kabisa kuingia nyumbani kwangu. Ukasema garage si nyumba, ukaketi huko kwenye kreti, kati ya jenereta zilizokufa na injini za posho mill za kusaga mahindi, ukanywa chai yako kwa raha kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye. Pale pembeni palikuwa na Katinga, kabla haijapewa jina, trekta ndogo ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa, ambayo mwenyewe alihama na kuiacha. Rangi nyekundu imebambuka, nyigu wamejenga chini ya boneti, kiti kimechanika. Uliizunguka ukiwa umeshika kikombe. Ukaniuliza kama inaweza kukimbia. Nikakuambia Mama, hii ni mashine ya nyasi, inatembea kama bibi harusi. Ukanitazama vile muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayeficha ugonjwa.

"Sijauliza inatembea aje. Nimeuliza kama inaweza kukimbia."

Mama, mafundi wengi wamenifundisha kazi, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

Baadaye ndipo nilielewa. Nilikuwa sijaiona barabara yenu wakati wa mvua. Kutoka lami mpaka kijitoni ni mteremko wa udongo unaonata kama ugali mbichi, halafu kijito chenyewe, halafu mlima wa kanisa, halafu boma lako. Mvua ikianza, bodaboda wanageukia kwenye lami na maziwa yanaganda nyumbani. Wewe ulikuwa umeipita njia hiyo tangu ujana, na baiskeli ya kazi yako ya uuguzi na kijisanduku cha chanjo nyuma, na Nekesa aliniambia kwamba akina mama walikuwa wakisikia kengele yako wanavuta watoto kando, kwa sababu breki ulizihesabu kuwa za waoga. Ulipostaafu walikuchukulia baiskeli. Nafikiri kasi ndiyo uliyoikosa zaidi, kuliko hata mshahara.

Basi tukaipeleka kwako, tukaanza. Kila nilipokuja Matulo na vyuma, ulinisubiri umevaa koti la mvua la marehemu mzee, lile refu la kijani, na gumboots. Na kwa kuwa hatuwezi kusimama pamoja, tuliigawa Katinga katikati. Upande wa kushoto wako, upande wa kulia wangu, boneti mpaka wetu. Ukitaka spana, naiweka juu ya boneti, narudi nyuma hatua moja, wewe unakuja unaichukua. Ukimaliza unairudisha pale pale, unarudi nyuma, mimi nasogea. Kama watu wanaocheza drafti. Mara ya kwanza niliona ni usumbufu mtupu. Baadaye nikagundua sijawahi kufanya kazi na mtu ambaye tunaelewana bila kuongea namna ile. Nilikuwa naweka spana kabla hujaiomba, nawe ulikuwa unaiinua kabla sijarudi nyuma vizuri.

Tulivitoa visu vya nyasi, ukavitundika jikoni kama kumbukumbu. Tukaliinua tumbo la mashine lisikwaruze matope. Nikakueleza habari ya puli, kwamba tukiweka kubwa kwenye injini na ndogo kule nyuma, mkanda utayazungusha magurudumu haraka zaidi, na kabla sijamaliza ukasema, "Kama baiskeli, si ndiyo?" Nikakuwekea puli juu ya boneti, maana ndiyo. Bomba la kuvuta hewa tulilipandisha juu kabisa kwa kipande cha paipu ya maji, mpaka Katinga ikafanana na mtu anayeogelea akiwa ameshika pua. Na difu, ile gia ya nyuma inayoruhusu gurudumu moja kuzunguka bure lingine likikwama, tuliichomelea ishikane, magurudumu yote mawili yavute pamoja hata moja likiwa hewani. Kazi hiyo niliiogopa. Chuma kikipata moto kupita kiasi kinapasuka, na mashine yote imekwisha. Ulisimama upande wako na kioo cha welding usoni, ukaniambia niache kutetemeka kwani hata sindano ya mtoto inaingia vizuri mkono ukitulia. Nikatulia. Pale tulipochomelea hapajapasuka mpaka leo.

Lakini matairi, Mama! Hata sasa nikikumbuka nacheka peke yangu, na Nekesa anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Nilileta yale yenye meno marefu, yaliyopangwa kama mshale. Kila mmoja akafunga la upande wake. Wewe, kwa kuwa hungeweza kuja upande wangu kuangalia, ulichungulia juu ya boneti ukatazama mikono yangu. Ukaona mshale wangu unaelekea mkono wangu wa kulia, nawe ukauelekeza wako kwenye mkono wako wa kulia. Umefuata vizuri kabisa, shida ni kwamba tulikuwa tunatazamana. Tairi langu lilitazama mbele na lako likatazama nyuma. Na mimi, kwa heshima zote hizo, sikuthubutu kuja upande wako kukagua kazi ya mama mkwe.

Tukaijaribu Jumapili ibada imekwisha, kwa sababu wewe hukutaka kujaribu pasipo na watu. Ukapanda, ukafunga leso chini ya kofia ya bodaboda, ukaingia matopeni. Tairi langu likachimba, lako likasugua. Katinga ikaanza kuzunguka mahali pamoja, mbele ya mchungaji, mbele ya umoja wa akina mama na nguo zao nyeupe. Ikazunguka, ikazunguka, matope yakiruka pande zote kama mtu anapepeta, nawe juu yake umekaa wima, hukushuka, hukupiga kelele, ulikuwa unawapungia watu mkono kila ukipita. Uliposimama ulisema sentensi moja tu: "Gurudumu zinapendana, zinachezeana." Wengine wangeaibika mwezi mzima. Wewe ulichukua jeki.

Baada ya kuligeuza hilo tairi, hakukuwa na mtu wa kukushika. Vijana wa bodaboda walikuwa wakikungoja pale kwenye lami, "Niaje Mathe, leo tunashindana ama unaogopa?" na wewe unawaacha wamekwama mpaka kwenye mhimili, makopo ya maziwa yakigongana nyuma kwenye tela dogo tulilolifunga uchukulie maziwa, kama bendi ya shule. Nilisimama juu ya ukingo siku moja nikakuona ukikishukia kijito. Hukupunguza. Maji yakafunguka pande mbili, ukapotea, halafu lile paipu likatokea kwanza, halafu leso, halafu wewe mzima, ukicheka mdomo wazi. Sijawahi kuona mtu wa umri wako, wala wa umri wangu, mwenye furaha kama ile. Nilijivuna kuwa mkwe wako. Sikukuambia kwa sababu mkwe haongei hivyo. Nakuambia sasa.

Jambo moja tu tulilobishania miaka yote ni ule waya. Nilikuwa nimefunga waya kwenye wenzo wa mafuta usifike mwisho. Niliogopa, Mama. Katinga nyepesi, difu imeshikana, mlima ule una pembe, ile kona kali chini ya kanisa. Kila nilipokuja ulianza nao kabla ya salamu. "Fungua, mkwe. Nitashika." Nami kila mara nilisema mvua ikipungua, kiti kikibadilishwa, breki zikiwekwa nyingine. Ulikuwa na koleo, ungeweza kuukata mwenyewe. Hukuukata. Nekesa anasema ni kwa sababu waya ulikuwa upande wangu wa boneti.

Halafu simu ikaja kutoka Bungoma kwamba moyo wako umesimama. Nilikuwa nimeshika kabureta ya mtu. Niliiweka chini pole pole, nikanawa mikono, nikaenda kumtafuta Nekesa, na njiani nilikuwa nawaza kitu kimoja cha kipumbavu, kwamba sasa ni nani ataniuliza maswali.

Siku ya kukuzika mvua ilianza asubuhi na haikupumua. Gari lililokutoa mochari lilifika kwenye lami likasimama, dereva akatazama mteremko, akazima injini. Hakuna aliyemlaumu. Vijana wakakubeba mabegani. Hawakufika mbali. Mmoja aliteleza, wakafuata wote, na sanduku likagusa matope, Mama, na kilio kilichotoka kwa akina mama sitaki kukisikia tena. Kule juu wachimbaji walikuwa wakiteka maji kaburini kwa ndoo na yanarudi. Kama hungepita kabla ya kijito kufurika, ungerudishwa mochari. Nekesa alikuwa amesimama kwenye mvua bila mwavuli akirudia kitu kimoja, kwamba hukuwahi kushindwa na barabara hii, si leo basi, si leo.

Mimi nilikuwa kando na wakwe wengine, kama inavyotakiwa, mbali na mwili wako. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Katinga iko nyumbani."

Wafula ndiye aliyekataa kwanza, na ndiyo maana nakuambia usimsikize. "Mama abebwe na mashine ya nyasi? Watu watasema nini, bana?" Mwingine akauliza tangu lini mkwe akambeba mama mkwe. Wakaanza kubishana, mvua inawapiga. Mjomba Simiyu alisimama kando, maji yakimchuruzika kutoka kwenye ukingo wa kofia, akitazama ile njia. Halafu akasema, kwa sauti yake ile ya pole, "Huyu dada yangu arikuwa anapanda hii kitu kira siku akienda kwa maziwa. Reo mnaona haya ya nini? Mkwe, rete."

Nilikimbia, nikavuka kijito kimenifika magotini, nikapanda mlima kwa mikono na miguu. Katinga ilikuwa chini ya mabati pale ulipoiacha, koti la mzee limetandazwa juu ya kiti. Ikawaka mara moja. Sijui kama uliipanga hivyo.

Nikaishusha mpaka ulipokuwa, tukakufunga kwenye tela la maziwa kwa ile mipira yako ya kufungia makopo, tukakufunika na koti la mzee na turubai juu yake. Hata hapo tuliheshimiana, Mama. Wewe nyuma, mimi mbele nimekupa mgongo, chuma katikati yetu. Mteremko tuliushuka vizuri. Kwenye kijito maji yaliruka mpaka juu ya boneti, injini ikaguguma, nami nikawa nasikiliza lile paipu likivuta hewa, nikijua kwamba ikinyamaza nimekupoteza mara ya pili mbele ya watoto wako. Haikunyamaza. Tukatoka.

Mlima ndio uliotukataa. Tulifika kwenye ile pembe chini ya kanisa, na Katinga ikaanza kuchoka. Matairi yote mawili yanavuta, meno yanashika, lakini nguvu imekwisha, na tela linaanza kunivuta nyuma kidogo kidogo. Niliusukuma wenzo wa mafuta ukagonga ule waya. Ukisimama kwenye tope lile huondoki. Nyuma yangu niliwasikia watu wameacha kuimba.

Na nikasikia sauti yako wazi kabisa, bila hasira, kama unaniomba spana. Fungua, mkwe. Nitashika.

Nikauzungusha waya kwa vidole, ukanikata, ukatoka. Nikausukuma wenzo mpaka mwisho.

Mama, hujawahi kusikia sauti ile. Miaka yote ulikuwa unaiomba na mimi nilikunyima, na nakuambia ulikuwa sahihi, ilikuwa imo ndani muda wote. Katinga iliinua pua. Matope yalipaa. Yalimpata Wafula kwenye suti, yalimpata mchungaji kwenye joho, kwaya nzima ikabadilika rangi. Hakuna aliyejali. Vijana wa bodaboda walikuwa wakikimbia pembeni wakipiga miluzi, "Mathe! Mathe! Mathe!" kama siku zile za mashindano, na akina mama wa kanisa wakaanza wimbo upya wakiwa mbio, sketi zimeshikwa juu. Nekesa alikuwa analia na kucheka kwa mpigo mmoja, hata hakujua anafanya kipi. Uliingia bomani mwako kwa kasi, Mama. Ilinibidi nizunguke mti wa parachichi ndiyo nisimame.

Walikushusha wanao, mimi nikarudi nyuma. Tulikuzika mchana huo huo, wachimbaji walipokuwa wameyashinda maji ya kaburi. Mjomba Simiyu alipotupa udongo wake wa mwisho alinitazama akanikubalia kwa kichwa mara moja tu. Nimeiweka hiyo kama shahada ya chuo.

Siku ya tatu, walipokaa kugawana vitu vyako, visu vya nyasi vilichukuliwa na mjomba, sijui atavifanyia nini. Koti la mzee likaenda kwa Nekesa. Katinga imebaki Matulo kwa kazi ya maziwa, na nadhani utafurahi nikikuambia dereva ni nani. Wafula! Yule yule wa watu-watasema-nini. Anaiendesha kama amebeba mayai. Vijana wa bodaboda wanampita wakimwambia, "Mzee, mamako hakuendanga hivyo." Anakasirika. Lakini juzi nimeambiwa mtu mmoja alimwona pale chini ya kanisa, yeye Wafula akidhani yuko peke yake, akausukuma wenzo mpaka mwisho na kupiga yowe. Mpe muda.

Jumamosi iliyopita mimi na Nekesa tulikuja kuifanyia huduma. Mkanda ulikuwa umelegea. Nilikuwa upande wangu wa kulia, kichwa chini, mikono yote imejaa grisi. Nekesa alikuwa upande wa kushoto, amevaa koti la kijani, mikono imefunikwa kabisa kwa sababu ni refu. Alikuwa hajawahi kugusa mashine hii, wewe unajua alivyokuwa akiichukia, aliiita mpango wa kukuua. Nikahitaji mtu aishike ile nati ya upande wa pili. Sikufikiri. Nikaweka spana juu ya boneti, nikarudi nyuma hatua moja, nikangoja.

Hakuna mkono uliokuja.

Nikainua macho. Nekesa alikuwa ananitazama, machozi yanamtiririka, hakuyafuta. Akanyoosha mkono wake juu ya boneti, ule mkono una vidole vyako kabisa, sijui kwa nini sikuwahi kuona. "Mimi ni bibi yako," akasema. "Nipe mkononi."

Nikampa mkononi. Tukaishika ile spana wote wawili muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyotaka.

Basi Mama, lala salama. Zawadi za kufungua mkono hatukuzitoa, na sasa haziwezekani, kwa hiyo sitakushika mkono hata huko tutakapoonana mpaka wewe uanze. Nitasimama upande wangu. Ninachokuahidi ni kwamba Katinga haitakaa ikioza chini ya mabati, nitakuja kila mvua kuitazama, na ule waya sitaurudisha. Nimeutupa kijitoni. Na Nekesa ameanza kujifunza kuendesha. Jana jioni alishuka mlima wa kanisa kwa mara ya kwanza, nami nimekaa nyuma kwenye tela nikiwa nimeshikilia kwa kucha, nikamwita kwa jina la mtoto wetu, mama Nafula, taratibu, pembe iko mbele.

Unajua alichonijibu: "Nitashika." Maneno hayo hakuyatoa mbali.

Mkwe wako,
Kariuki